Shabaha Zilizoanguka Ikutha

Sura ya Tisa

Jonah Nzioka alikiri kosa moja tu, na halikuwa lile aliloshikiwa.

"Wivu," alisema. "Andika hilo, madam. Niliona wivu. Nililala kwetu Matiliku nikiwaza nyasi za watu wa Ikutha kama mtu anayewaza mke wa jirani. Lakini kuziharibu? La."

Inspekta Nasima Abdulmalik aliweka kalamu chini. Mkufunzi huyu wa mishale alikuwa na mabega mapana na sauti ndogo, na tangu asubuhi hakuwa ameomba kitu ila maji. Pingu zilimpwaya mikononi.

"Ulikuja Ikutha mwezi uliopita."

"Nilikuja."

"Bila kualikwa."

"Nani angenialika? Si tunagombania kitu kimoja?"

"Watu walikuona umechutama nyuma ya shabaha, unazipapasa."

"Nilijua nitaonekana mjinga. Sikujua nitaonekana mhalifu."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Siri yao. Sisi Makueni tumenunua shabaha za sponji kutoka ng'ambo. Mshale ukiingia, kuutoa ni vita. Nikasikia akina mama wa huku wamekaza nyasi kwa kamba ya katani, mshale unaingia unatulia, na ukiuvuta unatoka bila kelele. Nikasema hapana, wanajisifu tu. Nikaja kuona."

"Na ni kweli?"

Jonah aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Ndiyo maana sikulala."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kenya ilikuwa imepewa kuandaa Michezo ya Bara, mashindano ya michezo mingi ambayo yangeleta nchi za Afrika nzima, na serikali ilikuwa imeamua kwamba Nairobi isile peke yake. Kila mchezo ungetafutiwa kaunti. Mishale ilikuwa imeahidiwa Ukambani, na kilichobaki ni kuchagua: Ikutha ya Kitui au Matiliku ya Makueni. Kamati ya Maandalizi iliweka sharti moja, kwamba kila mwenyeji abebe sehemu ya gharama, na mfadhili angebeba iliyobaki. Makueni walibeba sehemu yao kwa pesa taslimu. Kitui hawakuwa nazo. Wakaomba sehemu yao ihesabiwe kwa jasho: wanawake wa mwethya, kile kikundi cha kazi ya pamoja ambacho kimechimba matuta na mabwawa ya Ukambani tangu enzi za nyanya zao, wangelima uwanja, wangesimamisha nguzo, wangetengeneza shabaha kwa mikono. Kamati ilisita, kisha ikakubali. Hakuna aliyewahi kusikia Michezo ikigharamiwa namna hiyo.

Halafu juzi, siku ya majaribio, mishale ya kwanza ilipopiga, shabaha za Ikutha zilianguka, moja baada ya nyingine, mstari mzima, mbele ya kamera. Ndani zilikuwa tupu.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Aliyeingia alikuwa Inspekta Farouk, wa kitengo cha usalama wa Michezo, koti jipya, kitambulisho kinaning'inia shingoni kwa utepe wa rangi za bendera. Yeye na Nasima walikuwa wamefuzu pamoja chuoni. Wote wawili waliomba kazi ya kitengo hicho. Farouk alipata utepe. Nasima alipata barua ya kumshukuru kwa kuomba. Kila utepe huo ulipotikisika, jambo fulani ndani ya Nasima lilitikisika pia, na hakulipenda.

"Bado unamuuliza maswali?" Farouk alicheka. "Mimi nilimaliza naye kabla chai haijapoa." Akaweka mezani chupa ya plastiki yenye kitu cheusi kizito. "Hii ilikuwa ndani ya gari lake. Kemikali ya kuozesha mbao. Nimeshawaambia waandishi wa habari."

"Umeipeleka maabara?"

"Iko njiani."

"Iko mezani, Farouk."

Nasima alifungua kifuniko, akanusa, akafunga. Furaha ilimpanda kooni, na kwa kuwa aliijua furaha hiyo ni ya aina gani, aliimeza. Ikiwa angempindulia Farouk kesi yake, ilibidi iwe kwa ushahidi, si kwa sababu ya utepe.

Simu ikalia. Alikuwa Bi. Salama, msimamizi wa fedha wa Kamati, akipiga kutoka Nairobi.

"Inspekta, wakaguzi wanafika Ikutha kesho saa sita. Mfadhili amenipigia asubuhi hii. Ameniambia wazi, hawezi kuweka jina lake mahali ambapo majirani wanahujumiana. Kijana wa Makueni akiwa ndiye aliyefanya haya, mishale inaondoka kote kuwili, Kitui na Makueni, inapelekwa kaunti nyingine kabisa."

"Na akiwa si yeye?"

"Basi nataka kujua ni nani. Leo jioni. 'Hatujui' siwezi kumpelekea mfadhili. Nisamehe, najua nakusukuma."

"Sukuma tu, dada."

Nasima alisimama, akamwambia konstebo aliyekuwa mlangoni alete gari. "Mshukiwa tunakwenda naye. Akatuonyeshe alipochutama."

"Unapoteza wakati," alisema Farouk.

"Wangu," alijibu Nasima.

*

Uwanja ulikuwa mteremko mfupi chini ya kituo, karibu na Mto Tiva, ambao wakati huu wa kiangazi ulikuwa mchanga mtupu. Langoni kulikuwa na bango kubwa lenye uso wa mwanamke wa makamo anayetabasamu, kitambaa kimefungwa kichwani kwa madaha, na chini yake maneno: MAMA WA MISHALE. Nyuma ya bango, mistari ya miche michanga ya miti ilizunguka uwanja, na mbele yake zililala shabaha, zimepinduka kifudifudi kama walevi. Nguzo nyingi zilikuwa bado zimesimama.

"Chutama ulipochutama," Nasima alisema.

Jonah, mikono imefungwa mbele, alikwenda hadi shabaha ya mwanzo karibu na lango, akachutama. "Hapa. Sikufika mbali. Kuna mama alinipigia kelele nikakimbia."

Nasima alipiga magoti kando yake. Udongo ulikuwa mkavu, mgumu kama sahani. Nguzo ilikuwa nzima, imepakwa kitu cheusi kuanzia chini hadi usawa wa goti. Akasogeza pua.

"Unanusa nini?" aliuliza konstebo.

"Chupa ya Inspekta Farouk."

Jonah alicheka kwa mara ya kwanza. "Si ni oili chafu ya gari! Kila nguzo ya ua kwetu imepakwa. Mchwa hawaigusi. Mimi huibeba nikienda kurekebisha shabaha za mazoezi. Kwani huyo afande amezaliwa wapi?"

"Mombasa. Kwenye ghorofa."

"Basi tumsamehe."

Nasima hakucheka, ingawa alitaka. Alipasua nyasi za shabaha iliyoanguka. Zilivunjika mikononi mwake kama maganda, na ndani yake kulikuwa na vijia vya udongo mwembamba, vimejipinda huku na huku. Farouk aliuona udongo huo juzi akadhani shabaha zilichafuka zilipogusa ardhi. Lakini shabaha zilianguka kifudifudi, na udongo huu ulikuwa katikati ya tumbo la shabaha.

"Mchwa," alisema Jonah taratibu.

"Mchwa. Sasa niambie, nguzo zimepakwa oili. Walipandaje?"

Jonah aliangalia juu, chini, kisha juu tena. Nyuma ya shabaha zote ulipita ufito mmoja mrefu, uliofungwa kwa kamba kutoka nguzo hadi nguzo, ili upepo usiziyumbishe. Juu ya ufito huo kulikuwa na kijia cha udongo kikavu, kimenyooka kama mshono.

"Hawakupanda hapa," alisema. "Walikuja kwa daraja."

Wakaufuata mshono ule. Kwenye nguzo moja ulikuwa mwembamba, kwenye ya mbele yake mnene kidogo, na kadiri walivyokaribia mto ndivyo ulivyonenepa, hadi ukateremka kwenye nguzo ya tatu kutoka mtoni. Nasima alizunguka nyuma yake. Karibu na ardhi, upande usioonekana na wapiga mishale, oili ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu mpaka ubao ukawa mweupe. Alibonyeza udongo kwa kidole. Kidole kilizama.

Ulikuwa na unyevu. Kiangazi chote hiki, Ikutha nzima inanunua maji kwa mtungi, na hapa mtu alikuwa amemwaga maji ardhini.

Alichimba kwa kijiti. Mara kijiti kikagonga kitu. Akaondoa udongo kwa viganja, na kikatokea chungu kilichovunjika shingo, kimefunikwa mdomo chini. Alipokipindua, mchwa walimwagika kama uji, na chini yake kukawa na mavi mabichi ya ng'ombe yaliyochanganywa na mabua ya mahindi.

Konstebo alirudi nyuma. Nasima alibaki akitazama. Kwa nyanya yake, kule Mwingi, kazi ya kila asubuhi ya wajukuu ilikuwa kupindua chungu kama hiki na kuwamwagia vifaranga. Hakuna mwanamke wa Ukambani afugaye kuku asiyejua kutega mchwa.

"Huyu hakuwa akiharibu," Jonah alinong'ona. "Alikuwa akifuga."

"Wewe ni mtu wa mishale. Ungetaka kuangusha shabaha zote, ungezika wapi?"

"Katikati. Au ningezika kadhaa. Si hapa pembeni."

"Basi huyu hakutaka zote. Alitaka hii."

"Lakini zote zinafanana, madam. Haina hata alama."

"Kwako na kwangu," alisema Nasima.

*

Wanawake wa mwethya walikuwa wamekaa kivulini mwa stoo, mafungu ya nyasi na kamba kando yao, wakingoja kuambiwa kama kuna haja ya kuanza upya. Yule wa kwenye bango alikuwa katikati. Jina lake Wayua, na hata katika huzuni kitambaa chake kilikuwa kimefungwa vizuri kuliko cha mtu mwingine yeyote. Alipomwona Jonah alisimama.

"Ndiye huyu? Watu wa Makueni! Barabara mmepata, mkasifiwa kwenye redio mpaka redio ikachoka. Hata nyasi mkatuonea wivu?"

"Mama, nyasi zenu zilikuwa nzuri sana," alisema Jonah.

"Usinisifu, wewe!"

Nasima alimvuta Wayua kando, akamwelekeza kwa mkono. "Ile ya tatu kutoka mtoni. Ni ya nani?"

"Yangu," alisema Wayua papo hapo.

"Umejuaje? Haina jina."

"Jina la nini? Kwenye mwethya kila mtu hupimiwa kipande chake. Kiwe mtaro, kiwe tuta, kiwe shabaha. Kipande chako unakijua kama mtoto wako."

"Na mtu wa nje anaweza kukijua?"

"Akijulia wapi? Sisi wenyewe tu."

"Nani hupima?"

"Mbula. Tangu tulipokuwa wasichana. Mbula hupima, na Mbula huimbisha. Hiki kikundi ni kazi ya mkono wake." Akatazama huku na huku. "Leo hajafika. Ati kichwa kinamuuma."

"Na kwenye bango ni wewe."

Wayua alijishika kitambaa. "Mpiga picha alikuja, akatupanga wote. Akasema uso wangu unapokea mwanga. Ningefanyaje, niukatae uso wangu? Baadaye Kamati ikauliza nani atakwenda Nairobi kuketi na wafadhili. Wakasema, si yule wa kwenye picha. Nikaenda."

"Mbula akabaki."

"Alibaki kumwagilia miche. Ni yeye aliyejitolea, kila jioni. Hata maji alikuwa akiyabeba mwenyewe."

"Alikuambia nini ulipochaguliwa?"

"Alisema hongera." Wayua alionekana kama mtu anayesikia kitu kwa kuchelewa. "Alisema mara moja tu. Mbula husema kila kitu mara tatu."

Nasima alimshukuru. Alipogeuka, Wayua alimshika mkono.

"Inspekta. Ni huyu kijana, sivyo? Sema ni huyu kijana."

Nasima aliuliza njia ya kwenda kwa Mbula.

*

Boma la Mbula lilikuwa juu ya mteremko, matuta yamepangwa chini yake kwa unadhifu wa mtu anayejua kupima kwa macho. Nasima alimwacha konstebo na Jonah kwenye gari, akaingia peke yake. Mbula alikuwa ameketi kwenye kigoda akipukuchua mahindi. Mwanamke mwenye kifua kipana, na sauti yake, hata aliposema karibu, ilijaza ua mzima.

"Karibu, mwanangu. Karibu. Karibu ukae."

"Ahsante, mwaitu," alijibu Nasima, akimwita mama kwa Kikamba. "Kichwa kinaendeleaje?"

"Kinauma. Lakini mtu hafi kwa kichwa."

Vifaranga walipita miguuni mwao, wanene, wamejaa kelele.

"Wamenona," alisema Nasima.

"Nawapa mchwa."

"Unatega kwa chungu?"

"Hapa kila mtu hutega kwa chungu." Mikono ya Mbula haikusimama. "Wewe ni wa wapi?"

"Mwingi. Nyanya yangu alikuwa na kuku wengi. Chungu chako kiko wapi, nimwonyeshe konstebo wangu? Yeye hajawahi kuona."

"Kilivunjika."

"Lini?"

"Vyungu huvunjika, mwanangu. Nani huandika siku?"

Jibu lilikuwa zuri, na lisingemfunga mtu. Chungu kilichovunjika, maji ya miche, mabua ya mahindi: wakili yeyote angeyapangusa yote kwa leso moja. Jioni ilikuwa inakaribia. Nasima aliinama, akaokota punje iliyoanguka, akairudisha kwenye ungo. Kisha akafanya jambo ambalo chuoni waliambiwa lifanywe kwa nadra. Alidanganya.

"Mwaitu, tumechimba uwanjani. Tumepata chungu chini ya kila shabaha. Zote. Mtu huyu alikusudia kuangamiza jasho la kila mama wa Ikutha, mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kuona roho mbaya namna hiyo."

Mikono ilisimama.

"Si kila shabaha," alisema Mbula.

"Kila moja."

"Hapana."

"Nimeona kwa macho yangu. Hata ya yule ajuza, hata ya yule mjane. Wote aliwachukia."

"Uongo!" Ungo uliruka, vifaranga wakatawanyika. Mbula alikuwa amesimama. "Uongo, uongo mtupu! Kilikuwa kimoja! Kimoja tu, chini ya ile ya Wayua!"

Sauti ilishuka mteremkoni, ikagonga matuta, ikarudi. Kisha ua ukatulia. Mbula alijishika mdomo kana kwamba neno lingeweza kurudishwa, halafu akaketi chini taratibu, si kwenye kigoda, bali kwenye udongo, katikati ya mahindi yake.

Nasima aliketi karibu naye. Alimweleza haki zake, kwamba halazimiki kusema zaidi. Mbula alipunga mkono.

"Nilitaka ianguke yake peke yake," alisema. "Mbele ya hizo kamera anazozipenda. Watu wacheke kidogo, yeye ashuke kidogo, basi. Miaka hii yote ni mimi ninayewaamsha. Ni mimi ninayepima. Koo langu limekwaruzika kwa nyimbo za kuwavutisha kamba. Halafu anapita mtu na kamera, anachukua uso."

"Na hizo nyingine?"

"Ule ufito."

"Nani aliagiza shabaha zote zifungwe kwenye ufito mmoja?"

Mbula alicheka kicheko kibaya, kikavu. "Mimi. Kwa ajili ya upepo. Nilipokuwa nikizika kile chungu, nilikuwa nikimwona Wayua tu. Ufito ulikuwa juu ya kichwa changu na sikuuona. Siku nilipoona udongo umetembea juu yake nilimwaga majivu, nikamwaga maji ya pilipili. Lakini ndani sikuweza kufika, na kupasua nyasi za wenzangu niwaambie nini?"

"Kijana wa Makueni aliposhikwa?"

"Nilisema Mungu amenifungulia njia." Akafuta uso kwa upande wa kiganja. "Jana kanisani mchungaji akatuambia tumwombee Wayua, amevunjika moyo. Tukamwekea mikono. Na wangu ukiwemo. Tangu hapo chakula hakipiti."

Alisimama mwenyewe, akajipangusa, akanyoosha mikono ifungwe. Nasima alitikisa kichwa, pingu hazikuhitajika.

"Nitakuja. Nitasema kila kitu kwa hakimu. Ila nakuomba kitu kimoja, mwanangu. Usimwambie Wayua kwamba ni kwa ajili yake. Mwambie nilichukia Michezo. Mwambie nilichukia serikali. Sema chochote, lakini usimwambie nilimwonea wivu."

"Ni mlalamishi, mwaitu. Ana haki ya kusomewa."

"Basi nifunge kwanza," alisema Mbula, "ndipo umsomee."

*

Kituoni, Nasima alimweleza Farouk kila hatua: udongo ndani ya nyasi, ufito, nguzo iliyokwanguliwa, chungu. Farouk alisikiliza hadi mwisho. Akaichukua chupa ya oili chafu, akainusa mwenyewe.

"Nimewaambia waandishi wa habari," alisema hatimaye.

"Nilikusikia." Nasima alimpa ufunguo wa pingu. "Wewe ndiye uliyemfunga."

Farouk alimfungua Jonah mwenyewe, akamwomba radhi kwa sauti ya kawaida, mbele ya konstebo. Nasima alifurahi kuliko ilivyofaa. Halafu akaona Farouk akiuvua utepe shingoni na kuutia mfukoni, na furaha ikapungua, ikabaki ya kiasi.

Bi. Salama alisikiliza ripoti bila kukatiza. "Kwa hivyo Makueni hawamo."

"Hawamo. Ni wivu wa mtu mmoja kwa rafiki yake."

"Wivu wa mtu mmoja mfadhili atauvumilia. Wa kaunti mbili asingeweza." Akavuta pumzi. "Lakini Inspekta, mimi nitawaleta wakaguzi kesho waone nini? Nguzo? Sehemu ya Kitui ni jasho, na jasho lenyewe liko chini limepinduka. Kama saa sita hakuna shabaha, sina cha kutetea."

Wayua alisomewa taarifa katika chumba kile kile alichohojiwa Jonah. Lilipofika neno wivu, aliomba lirudiwe, likarudiwa.

"Alitaka watu wacheke," alisema.

"Kidogo, alisema."

"Kidogo." Wayua alisimama, akafunga kitambaa upya. "Nitamshtaki. Nitakuja kortini kila siku atakayoitwa, na kila siku nitavaa leso mpya."

"Ni haki yako."

Alitoka. Kutoka kituoni uwanja ulionekana, na wanawake, waliokwisha kuambiwa kuhusu wakaguzi, walikuwa wameanza upya. Mafungu ya nyasi hukazwa kwa kamba ndefu inayovutwa na watu wengi kwa pamoja, pande mbili, na wote huvuta pale anayeimbisha anapokata neno. Leo mwanamke mwingine alikuwa akiimbisha. Alijua maneno yote. Lakini upande mmoja ulivuta mapema, mwingine ukachelewa, nyasi zikapinda, wakafungua, wakaanza tena. Jonah, badala ya kwenda kwao, alikuwa amejipenyeza kwenye kamba.

"Toka hapo, mwizi wa nyasi!" mmoja alimpigia kelele.

"Nivute tu, mama. Nataka kuona mnavyokaza."

"Ndiyo ukawaambie wenzako?"

"Ndiyo."

Wakacheka, wakamwachia kipande cha kamba. Wakavuta. Nyasi zikapinda tena.

Wayua alitazama haya yote akiwa amesimama mlangoni mwa kituo, mikono kiunoni. Kisha akarudi ndani.

"Hiyo bondi ya polisi ya kumtoa mtu selo," alimwuliza Nasima, "mtu huombewaje?"

"Anatafutwa mdhamini. Mtu wa hapa anayeaminika, wa kuhakikisha mshukiwa anafika kortini."

"Niandike mimi."

Nasima alidhani hakusikia vizuri. "Wewe ndiye uliyekosewa."

"Kuna sheria inayonikataza?"

Nasima alimtazama Farouk. "Sijawahi kuona," alisema Farouk.

"Sikukuuliza umeona nini, afande," alisema Wayua.

Nasima alifikiri. Hakuikumbuka sheria kama hiyo, na mkuu wa kituo, alipopigiwa simu, naye hakuikumbuka. Wayua aliweka sahihi yake, herufi kubwa, bila haraka. Mbula akaletwa kutoka selo. Alipoona milango iko wazi alisimama.

"Nani amenitoa?"

"Mimi," alisema Wayua.

Walitazamana. Mbula ndiye aliyeangalia pembeni kwanza.

"Nirudisheni ndani," alimwambia konstebo.

"Hurudi popote. Kamba zinalegea huko nje, na wageni wanakuja kesho. Utaimba leo, utaimba kesho, na wakaguzi watauliza yule mwenye sauti ile ni nani. Mimi ndiye nitakayewajibu. Nitawaambia jina lako, nitawaambia ndiye aliyetupimia vipande vyote hivi, na nitasimama kando yako nikitabasamu mpaka waondoke." Akakaza fundo la kitambaa chake. "Halafu tutakwenda kortini."

"Wayua. Heri selo. Heri selo mara mia."

"Najua," alisema Wayua, akashikilia mlango ukiwa wazi, akamngoja apite.